Nani Anamfuata Nani

Mjomba wangu alipofariki aliacha nyimbo nne kwenye memori kadi. Alizirekodi mwenyewe kwa simu, mwaloni hapa Nkome, jioni zile ambazo mitumbwi ya dagaa bado haijaingia majini. Ukizisikiliza unasikia kwanza upepo wa ziwa, jenereta ya mtu kwa mbali, kikohozi chake, halafu yeye anaanza. Hana ala yoyote. Anaimba kama alivyokuwa akiwaongoza watu kuvuta nyavu enzi za ujana wake, taratibu, akiacha nafasi ya kuitikiwa ingawa safari hii hapakuwa na mtu wa kuitikia.

Arobaini yake ilipokaribia, sisi wapwa tulichanga fedha tukaipeleka ile kadi studio ili tupate sauti safi ya kupiga siku hiyo. Kijana wa studio aliifanya kazi kwa heshima zote. Aliondoa upepo, akaondoa jenereta na kikohozi, akaweka ngoma na kinanda chini ya wimbo. Mwisho akainyoosha sauti kwa programu. Siku ya kwanza tulipompigia mke wa marehemu, alikaa kimya hadi mwisho, kisha akauliza, "Anaimba vizuri. Ni nani huyu?"

Tangu siku hiyo siwezi kusikiliza muziki unaochanganya ala zetu na za wengine bila swali lile kunirudia. Makala hii ni uhakiki wa kazi chache za aina hiyo, za hapa Tanzania na za jirani. Lakini kigezo nitakachotumia nilikipata sebuleni kwa yule mama, kwa hiyo lazima nianze kwa kueleza kilichotokea studio.

Nilirudi kwa yule prodyuza, nikamwomba anionyeshe. Akafungua picha ya sauti kwenye laptopu: mistari kumi na miwili iliyolala, mmoja kwa kila nota ya kinanda, na juu yake mkunjo wa sauti ya mjomba ukipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Mistari ile iko mbalimbali kwa umbali ulio sawa. Wapimaji wa muziki huugawa umbali wa kutoka nota moja hadi nyingine kuwa senti 100, hivyo oktava nzima ina senti 1200. Kipimo hicho kilitungwa na Mwingereza Alexander Ellis, ambaye mwaka 1885 alitoa utafiti wa ngazi za muziki za mataifa mbalimbali, akahitimisha kwamba hakuna ngazi moja ya asili kwa wanadamu wote. Nililicheka jambo hilo kidogo. Rula iliyotungwa kuonyesha kwamba watu hawafanani, imechorwa kwa alama za kinanda kimoja.

"Angalia hapa, dada," prodyuza akasema. "Hapa mzee alikuwa anapotea."

Alikuwa ananionyesha nota ya tatu ya ngazi yake. Kwenye kinanda, kutoka nota ya msingi, kuna nota kwenye senti 300 ambayo masikio yaliyozoea kinanda huisikia kama huzuni, na nyingine kwenye senti 400 wanayoisikia kama furaha. Mjomba alikuwa anatua katikati, karibu na 345. Programu haina mstari hapo. Kwa hiyo alipopanda kidogo ilimvuta hadi 400, na aliposhuka kidogo ikamshusha hadi 300. Ndiyo maana ubeti wa kwanza ulikuwa umechangamka na wa pili umenuna, katika wimbo ambao mwenyewe aliuimba kwa hali moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tukafungua nyimbo nyingine tatu. Nota ile ilikuwa palepale. Nyimbo nne, jioni nne tofauti, na kila mara alitua mahali pamoja. Mtu anayepotea hapotei mara nne akafika kwenye mlango uleule. Yule ni mtu anayejua anakokwenda.

Programu za kunyoosha sauti zina historia inayotugusa sisi wa ukanda wa Geita zaidi ya tunavyodhani. Ile iliyozipa jina zote, Auto-Tune, ilitoka mwaka 1997 kwa Andy Hildebrand, mhandisi ambaye kabla ya hapo alitumia hesabu za mawimbi kusaidia kampuni za mafuta kusoma yaliyo chini ya ardhi. Hesabu za jamii hiyo ndizo alizozigeuza kusoma koo la mwimbaji. Hapa kwetu tunawafahamu wasomaji wa ardhi. Tunajua pia kwamba anayechimba huwa ameshaamua anatafuta nini, na kisichokuwa hicho hukiita kifusi. Lakini mchimbaji mdogo yeyote atakwambia kuhusu marudio, ule mchanga uliokwisha kupita kwenye karasha na zebaki. Watu wanaununua, kwa sababu dhahabu nyingi bado imo. Aliyeusafisha mara ya kwanza hakuwa na chombo cha kuiona.

Programu yenyewe si ya kulaumiwa peke yake. Matoleo kadhaa ya Auto-Tune yamekuwa na orodha ya ngazi nyingine, za Kiarabu, za Kihindi, hata ile ya Mmarekani Harry Partch aliyeigawa oktava kwa nota 43 na kujitengenezea ala za kuzipiga. Tatizo ni kile kinachokuja kimeshachaguliwa unapofungua. Ukinyamaza, umechagua kinanda.

Kwa hiyo kigezo changu ni hiki. Mitindo miwili ya kutuni inapokutana katika wimbo mmoja, haiwezi kubaki yote kama ilivyokuja. Lazima mmoja usogee. Ninaposikiliza nauliza: nani anamfuata nani?

Kwa Tanzania, mahali pa kuanzia ni kwa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeishi na kufundisha Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Ilimba yake haikutuniwa kwa kinanda. Watafiti wa muziki wa Wagogo, Gerhard Kubik akiwa mmoja wao, wameonyesha kwamba ngazi yao inafuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja. Ukipiga uzi mmoja, ndani yake mnaimba pia sauti nyembamba zaidi: ya uzi uliogawanywa mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Wagogo wamejenga muziki wao kwa mpangilio huo hadi kufikia sauti ya tisa. Sauti ya tano katika mpangilio huo iko senti 14 chini ya nota ya kinanda iliyo karibu nayo. Ya saba iko chini kwa senti 31, karibu theluthi ya hatua nzima. Hiyo ndiyo ladha inayomfanya msikilizaji mgeni aseme ilimba "imelegea" na Mgogo aseme kinanda kimekaza.

Msikilize Zawose katika *Chibite*, albamu iliyotolewa na Real World mwaka 1996. Hakuna mgogoro wowote ndani yake kwa sababu hakuna mgeni. Sauti ya mtu, ilimba na zeze vimekubaliana tangu zamani, na vinapogongana vinatulia, bila yale mawimbi ya kutetemeka yanayosikika nota mbili zinapokaribia kulingana zikashindwa. Kwa mhakiki ni kazi nzuri na rahisi kuipenda.

*Assembly* ya mwaka 2002 ni ngumu zaidi, na kwangu ndiyo inayofundisha zaidi. Hapo Zawose yuko na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, ambaye kabla yake alikuwa amefanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Nisikiavyo mimi, albamu hii ni mbili katika moja. Kuna sehemu ambapo gitaa linashika sauti moja ndefu na kukaa nayo. Hapo mgeni amebisha hodi, akavua viatu, na ilimba inatembea juu ya ile sauti kwa senti zake zote bila kubughudhiwa, maana sauti moja ndefu haibishani na mtu, inampa tu sakafu. Kuna sehemu nyingine besi na midundo ya mashine vinaposhika njia yao. Hapo nasikia ilimba ikibadilika kazi. Inabaki kuwa mlio mzuri, wa chuma na wa kutetemeka, lakini haiamui tena wimbo unakwenda wapi. Imekuwa pambo. Zawose hakubadilisha kitu. Nyumba ndiyo iliyobadilishwa akiwa ndani yake.

Watoto na wajukuu wameendelea na swali hilo, kila mmoja kwa njia yake. Msafiri Zawose, mwanawe, alitoa *Uhamiaji* mwaka 2017 pamoja na prodyuza Mwingereza Sam Jones, na humo vinanda vya umeme vimekaribishwa waziwazi. Ninaipenda kwa ujasiri wake. Msafiri hajifanyi kwamba yuko kijijini mwaka 1950. Kazi ninayoiweka juu zaidi, hata hivyo, ni *Maisha* ya mwaka 2024, ya Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa mzee, wanaojiita The Zawose Queens. Kwa desturi mwanamke wa Kigogo alipewa ngoma ya muheme na kuimba, na ilimba na zeze vilibaki kwa wanaume. Hapa wanawake ndio wenye nyumba. Albamu ilirekodiwa Bagamoyo, wataalamu wa studio wakiwafuata huko. Vikorombwezo vya umeme vimo, lakini vimekuja kwa adabu: vinaongeza uzito chini na hewa pembeni, wala havipangi nota za katikati, pale ambapo senti 14 na senti 31 zinaishi. Waimbaji wakiachana na kukutana tena, wanakutana kwenye sauti za ilimba. Nikiuliza nani anamfuata nani, jibu linasikika.

Ukivuka kwenda Uganda, swali linachukua sura nyingine. Baganda wana ngazi ya nota tano ambazo umbali wake unakaribiana, na Klaus Wachsmann alizipima miaka mingi iliyopita. Gawanya 1200 kwa tano: unapata 240. Kinanda kina 200 na kina 300, hakina 240. Yaani karibu kila hatua anayopiga Mganda kwenye amadinda inaangukia ufa kati ya vibao viwili vya kinanda. Mtunzi Justinian Tamusuza aliandika mwaka 1988 kazi ya vayolini mbili, viola na chelo, *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*, ambayo Kronos Quartet waliirekodi katika *Pieces of Africa* ya mwaka 1992. Ni kazi inayocheza. Vidole vinadonoa nyuzi, vinagonga, vinafukuzana jinsi mikono ya wapiga amadinda inavyofukuzana. Lakini imeandikwa kwa nota za kawaida za Ulaya, na kwenye karatasi ile 240 haina alama. Kinachonisikitisha ni kwamba vayolini haina vizuizi shingoni. Ni ala inayoweza kutua popote, hata kwenye 345 ya mjomba. Kwa hiyo ala ilikuwa na uwezo wa kumfuata Mganda, na karatasi ikamzuia. Mdundo ulivuka salama. Ngazi ilibaki ng'ambo.

Linganisha na kikundi cha Nakibembe kutoka Busoga, ambao albamu yao ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2023. Embaire ni marimba kubwa inayowekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, ikapigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Haiwezi kusogea hata senti moja kwa sababu imechongwa kwa gogo. Katika albamu hiyo wamo pia wasanii wa Indonesia, watu waliokulia karibu na gamelan, ambayo nayo haijui kinanda. Mgeni aliyezoea kwao kwamba kila seti ya ala ina sauti zake haji na rula mkononi. Anasikiliza kwanza, kisha anatafuta pa kukaa.

Na kwetu sisi wenye Kiswahili kuna mfano wa zamani tunaousahau kwa sababu tunauita taarabu tu. Vikundi vya Unguja kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, vilichukua maqamu kutoka Misri, na baadhi ya maqamu hayo yana nota iliyo katikati ya huzuni na furaha ya kinanda, jirani kabisa na ile ya mjomba. Sidai kwamba alijifunza Unguja, hakuwahi kufika. Nasema tu kwamba angeiimba mbele ya mpiga kanuni wa Zanzibar, asingeambiwa amepotea. Mpiga kanuni angeinua vidude vidogo vilivyo pembeni mwa nyuzi zake, akamfuata. Baadaye kinanda cha umeme kiliingia kwenye taarabu, na watengenezaji kama Yamaha na Korg wametoa vinanda vyenye vitufe vya kushusha nota kwa robo, kwa ajili ya soko la Uarabuni. Soko lilidai, kiwanda kikasikia. Hili tulifikirie. Nota ya katikati ya Cairo ina kitufe chake. Ya Nkome inaitwa kosa.

Najua msomaji ananisubiri hapa. Atasema: dada, unataka vijana warudi kwenye mikuki na vibuyu. Harusi za Usukumani leo zinachezwa kwa kinanda na sauti iliyonyooshwa, na watu wanacheza hadi vumbi linapanda. Ni kweli, na mimi huwa mmojawapo. Sauti iliyonyooshwa kwa makusudi, ikavunjika kama ngazi ya bati, ni urembo wenye haki yake. Mwimbaji anayeichagua hajaibiwa kitu.

Tena hao wanaolilia "mizani halisi ya asili" wana kosa lao. Amadinda mbili za mafundi wawili hazilingani kabisa. Fundi huchonga kwa sikio, na sikio lake limezoea mipaka, halikukariri namba. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, na katika safari zake akipima ala kwa uma za sauti, alituachia hazina. Lakini tukizigeuza namba zake kuwa sheria tutakuwa tumetengeneza kinanda kingine, cha kwetu, chenye ukali uleule. Ngazi ni tabia ya watu wanaoimba pamoja, na tabia hubadilika.

Kwa hiyo sitetei usafi. Ninachotaka ni kwamba anayesogea ajue amesogea. Tamusuza alikuwa mtunzi aliyesoma, akachagua karatasi yake, nami ninaweza kubishana naye. Mjomba hakuulizwa. Na yule prodyuza, kusema haki, naye hakuulizwa. Programu ilimjia imeshaamua, naye alifundishwa kwamba kunyoosha ni usafi, kama kufua shati.

Zana zipo sasa. Mwaka 2021 Khyam Allami, mwanamuziki mwenye asili ya Iraki, alitoa pamoja na kundi la Counterpoint programu mbili za bure, Leimma na Apotome, zinazofunguka kwenye kivinjari. Moja inakuruhusu kujenga ngazi yako nota kwa nota, nyingine inatunga kwa ngazi hiyo. Mtu mwenye bando na subira anaweza kuzifungua akiwa hapa mwaloni. Nilimwonyesha prodyuza wetu. Aliweka 345 pale kwenye nota ya tatu, akabonyeza, akasikiliza, akabonyeza tena.

"Mbona si mbaya," akasema.

Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba. Alichukua mwongozo wa kinanda chake, kile kilekile alichokitumia kwenye wimbo, akatafuta hadi akapata ukurasa unaoruhusu kushusha nota moja ya oktava peke yake. Miaka yote kitufe kilikuwepo. Alikaa mchana kutwa. Alizima programu ya kunyoosha, akairudisha sauti ya mjomba kama ilivyotoka kwenye simu, kisha akakituni kinanda kwa mjomba. Alitengeneza wimbo mmoja tu kati ya minne. Ni kazi ya taratibu, na nyimbo za wateja wengine zilikuwa zinasubiri.

Kama uhakiki, nitasema wimbo ule una kasoro. Ngoma ya mashine imekaza mno, na kinanda bado kina ile sauti ya plastiki. Lakini kinapofika nota ya tatu kinainama, na mjomba anapita juu yake bila kusukumwa. Ubeti wa kwanza na wa pili ni wa mtu mmoja tena.

Nilimpelekea mke wake kwenye simu. Alisikiliza akiwa anaanua dagaa, simu ikiwa juu ya mfuniko wa ndoo. Safari hii hakuuliza ni nani. Alisikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono kwenye khanga, akaniambia nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Akasikiliza sekunde chache za mwanzo akiwa amekunja uso.

"Na kile kikohozi chake," akauliza, "mmekipeleka wapi?"